Je, Undead wanabebwa? Shajara ya kupima kambi moja ya Wesnoth

3 Mei 2025: Dai lenyewe

Kwenye mchezo wa kompyuta wa Wesnoth, shemeji yangu anacheza kambi ya Loyalists, na kila akikutana na kambi ya Undead anatoka na neno lilelile: hawa wanabebwa. Mimi naona kambi hiyo ni ngumu ila ina dawa yake. Tumebishana kibarazani hadi majirani wamechoka, na kwa kuwa hakuna anayekubali kushindwa kwa maneno, nimeamua kupima. Kila hatua nitaiandika hapa, ili mwenye ubishi wa namna hii, wa kambi hii au nyingine, aifuate au aikosoe.

Mchezo ni The Battle for Wesnoth, mchezo wa mikakati wa zamu kwa zamu ulioanzishwa na David White mwaka 2003. Ni wa bure na msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL, jambo lililotusaidia sana huko mbele. Kambi za kawaida ni sita: Loyalists, Rebels, Northerners, Undead, Knalgans na Drakes. Majina ya askari nitayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, anayefuata asije akapotea.

Toleo ni 1.16, lile linalokuja na Debian 12, kwa sababu ndilo lililomo kwenye kompyuta zetu zote mbili. Bei na nguvu za askari hurekebishwa toleo hadi toleo, kwa hiyo mwenye 1.18 achukue njia tu, namba azisome upya kwenye mchezo wake.

Mambo mawili ya kujua kabla ya hesabu. Siku ya Wesnoth ina zamu sita: mapambazuko, asubuhi, alasiri, machweo, kisha zamu mbili za usiku. Loyalists karibu wote ni watu wa mchana, hupiga asilimia 25 zaidi asubuhi na alasiri, na asilimia 25 pungufu usiku. Undead ni kinyume chake. Mapambazuko na machweo hayampendelei mtu. Pili, nafasi ya kupigwa inategemea ardhi aliyosimama anayepigwa: binadamu wa kawaida kwenye uwanda hupigwa kwa asilimia 60, akiwa kijijini asilimia 40.

Dai la shemeji nimelivunja vipande vitatu vinavyopimika, kwa maneno yake mwenyewe. “Mifupa haifi kwa mkuki. Yule Adept hakosi. Na Ghoul akikugusa tu, basi tena.” Wote hao ni askari wa Undead: mifupa ni Skeleton, Adept ni Dark Adept, mchawi wa kurusha baridi, na Ghoul ni wa sumu. Kipande cha nne, kwamba waliotengeneza mchezo wana chuki na Loyalists, nimekiweka pembeni.

10 Mei 2025: Mkuki kwa mfupa

Kwenye kipande cha kwanza shemeji ana haki, tena kuliko alivyodhani.

Spearman, askari wa mkuki wa Loyalists, ananunuliwa kwa dhahabu 14, ana uhai 36, hupiga 7 mara tatu. Skeleton ni dhahabu 15, uhai 34, naye 7 mara tatu. Ukiwatazama hivyo ni ndugu. Tofauti iko kwenye kinga: Skeleton hupunguza silaha za kuchoma kwa asilimia 60 na za makali kwa asilimia 40. Mkuki ni silaha ya kuchoma. Spearman hana kinga yoyote dhidi ya shoka.

Nimeandika skripti fupi ya Python inayopigisha wawili hawa kwenye uwanda. Wakati wa machweo, pigo la 7 la Spearman linabaki 3, na kwa mapigo matatu wastani wake ni 5.4. Skeleton anarudisha wastani wa 12.6. Usiku pengo linakuwa aibu, 3.6 kwa 16.2. Kilichonishangaza ni mchana. Nilitarajia Spearman atangulie walau saa yake ikifika, lakini asubuhi kweupe bado ni 7.2 kwa 9. Hakuna saa ya siku ambayo Spearman anamzidi Skeleton kwenye uwanda. Usiku Skeleton akipata mara nne kwa pigo la 9 ni 36, uhai wote wa Spearman wa kawaida. Spearman naye akitaka kummaliza Skeleton usiku huohuo anahitaji mikuki 17 iliyopata.

Sasa hitilafu iliyokula jioni nzima. Nilikuwa nalinganisha namba za skripti na dirisha la shambulio la mchezo, lile linaloonyesha kila upande utapiga kiasi gani, na Cavalryman, askari wa farasi wa Loyalists, akakataa kulingana. Hupiga 6 mara tatu. Mchana 6 ikiongezwa robo ni 7.5, skripti ilisema 8, mchezo ulisema 7. Usiku ni 4.5, skripti 4, mchezo 5. Nilianza kushuku kinga, nikashuku sifa za askari, kumbe ni kukadiria nusu. Amri ya round ya Python 3 hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu. Wesnoth hupeleka nusu kuelekea pigo la msingi: kama jumla ya nyongeza na makato inaongeza pigo, nusu inashuka, kama inapunguza, nusu inapanda. Kosa dogo, lakini kwa kila askari wa pigo la 6, akiwemo Walking Corpse wa Undead, lilikuwa linakuza tofauti ya usiku na mchana kuliko ilivyo, na ubishi wetu karibu wote umesimama juu ya usiku na mchana. Dawa ni kuacha round kabisa na kufanya hesabu kwa namba kamili. Anayenakili, ajaribu Cavalryman kwanza; akitoa 7 mchana na 5 usiku, yuko salama.

17 Mei 2025: Adept asiyeshindika

Skripti ilipokua ikaanza kupigisha watu mpaka mmoja afe, Dark Adept alishinda kwa asilimia 100 dhidi ya kila asiye na silaha ya mbali. Heavy Infantryman, jitu la chuma la Loyalists la dhahabu 19, alikufa kila mara bila kumgusa.

Shemeji aliona matokeo hayo akasimama wima. “Umeona, shemeji? Hata kompyuta yako inasema.”

Sababu ilikuwa kwenye mpangilio wa zamu. Skripti ilimwachia mmoja tu haki ya kuanzisha shambulio. Adept hupiga kwa mbali, na asiye na silaha ya mbali hawezi kurudisha, kwa hiyo alikuwa anarusha baridi milele. Kwenye mchezo wa kweli zamu inageuka, na zamu ikigeuka Adept yuko uchi: hana silaha yoyote ya karibu. Yeyote atakayemfikia anampiga bure. Baada ya kuwapa wote haki ya kuanza kwa kupokezana, ule ubabe uliyeyuka.

“Hakosi” nayo nimeipima. Pigo la kichawi hupata kwa asilimia 70 popote ulipo, na Adept hurusha mara mbili. Yote mawili kupata ni asilimia 49, yote kukosa ni asilimia 9. Kwa hiyo hukosa sana tu. Nadhani kinachomuuma mtu ni kwamba alijificha kijijini, ambako wengine wangempata kwa asilimia 40, halafu Adept akaja na asilimia 70 zilezile. Maumivu hayo yanakaa kichwani kuliko zile mara alizokosa.

Pambano la Adept na Heavy Infantryman linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo kuna jibu la mambo mengi. Yule wa chuma ana uhai 38 na baridi humuumiza asilimia 10 zaidi. Usiku pigo la 10 la Adept linakuwa 14 kwake. Mapigo matatu ni 42, amekufa. Adept wawili, mapigo manne, wana nafasi ya asilimia 65 ya kumuua bila kujibiwa hata mara moja. Lakini askari wa Wesnoth huzaliwa na sifa za bahati nasibu, na mwenye sifa ya ustahimilivu ana uhai 43. Mapigo matatu yanamwacha na uhai wa 1. Sasa lazima yote manne yapate, na ile asilimia 65 inaporomoka hadi 24. Uhai wa nyongeza 5 umegeuza pambano zima. Mchana nako, Heavy Infantryman akimfikia Adept hupiga 14 mara mbili, jumla 28, ambao ndio uhai wa Adept wa kawaida. Nafasi ya yote mawili kupata uwandani ni asilimia 36. Adept mstahimilivu mwenye uhai 33 anabaki hai.

Kwa Adept, dawa ambayo shemeji hajawahi kuinunua ni Horseman wa Loyalists. Bei 23, na akishambulia kwa kukurupusha farasi pigo lake huwa maradufu, la anayemjibu vilevile. Adept hana la kujibu, hivyo ile hatari haipo. Mapigo mawili ya 18 wakati wa machweo yanamzika. Shemeji anasema Horseman huliwa na Skeleton. Ni kweli, silaha yake ni ya kuchoma. Basi usimpeleke kwa Skeleton.

1 Juni 2025: Kompyuta kwa kompyuta, na uniti zilizoisha

Askari mmoja mmoja si vita. Hatua iliyofuata ilikuwa kuiachia kompyuta icheze pande zote mbili, mechi nyingi, usiku kucha, bila picha.

Wesnoth inaruhusu kuendeshwa kutoka kwenye terminali, ila kuna mtego mdogo. Chaguo la --nogui lazima litangulie --multiplayer kwenye mstari wa amri, la sivyo halifanyi ulichokusudia. Majina ya kambi kwenye --side yaandikwe sawasawa na yalivyo kwenye mafaili, herufi kubwa kwa herufi kubwa. Kurudia mechi ni --multiplayer-repeat.

Usiku wa kwanza uniti za LUKU ziliisha alfajiri, na betri ya laptopu yangu ni ya mapambo tu. Matokeo yote yalikuwa kwenye kumbukumbu ya skripti yakisubiri mwisho ili yaandikwe. Yakaenda. Tangu hapo kila mechi ikiisha inaandika mstari mmoja kwenye faili na kufunga faili. Gharama ya hatua hii ni umeme, na mke wangu aliyeuliza kwa upole kwa nini feni ya kompyuta inalia kama mashine ya kusaga.

Je, ilisaidia? Kidogo sana, nami siwashauri wengine wapoteze muda mwingi hapa. Undead walitangulia, shemeji akafurahi. Nikakaa nikatazama mechi chache kwa macho. Kompyuta ikiwa Loyalists inasonga mbele usiku kama inavyosonga mchana. Inamrudisha aliyejeruhiwa, sawa, lakini hairudishi jeshi zima nyuma likasubiri mapambazuko, na kwa Loyalists hiyo ndiyo nusu ya ufundi. Tulikuwa tunapima nani anaumia zaidi akichezeshwa na asiyetazama saa.

Jambo moja la kubeba kutoka hapa ni idadi. Matokeo ya mechi 100 yana kosa la takriban asilimia 10 juu au chini. Ukitaka kushuka hadi asilimia 5 unahitaji mechi 400. Kwa hiyo mtu anayekwambia kambi fulani inabebwa kwa sababu alipoteza wikendi moja, msikilize kwa heshima, kisha endelea na chai yako.

15 Juni 2025: Saa ya kukutana

Tumerudi kwa binadamu. Tunacheza kwenye mtandao wa ndani: simu moja inafungua hotspoti bila data, kompyuta moja inakuwa mwenyeji, nyingine inaungana kwenye poti 15000. Bando halikuguswa. Mipangilio ni dhahabu 100, kijiji kinatoa dhahabu 2, ukungu umewashwa. Ramani ni Den of Onis na The Freelands. Tunabadilishana kambi kila baada ya mechi, na hili ndilo sharti ambalo shemeji alilikubali kwa shida.

Mwanzoni kila mechi ilianza mapambazuko, kwa sababu tulikuwa tumezima muda wa kuanza wa nasibu tukidhani tunaondoa bahati. Hesabu ya vidole inaonyesha tulifanya nini. Zamu ya kwanza mapambazuko, ya pili asubuhi, ya tatu alasiri. Hizo zote zinaliwa na kununua askari na kukimbilia vijiji. Ya nne ni machweo, na hapo ndipo kwenye ramani ya wachezaji wawili majeshi yanaanza kuonana. Ya tano na ya sita ni usiku. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumepanga kila vita kuu ya kwanza ipiganwe katika saa ya Undead, halafu tunauliza kwa nini Undead wanashinda vita ya kwanza.

Tumewasha muda wa nasibu. Malalamiko yamepungua mara moja, ingawa kuna mechi ambazo sasa Undead ndio wanaofika uwanjani asubuhi wakiwa wamekodoa. Mechi moja mimi nikiwa Undead nilijikuta na Adept wawili mbele ya Cavalryman na Horseman jua likiwa kali. Sikumaliza zamu ya pili na Adept hata mmoja.

Kuna jibu lingine ambalo halihitaji mipangilio: Loyalists wasikubali vita zamu ya nne. Warudi kwenye vijiji vyao, wapoteze kijiji kimoja au viwili vya mbele, wasubiri. Shemeji anaita hiyo kukimbia. Mage, mchawi wa moto wa Loyalists, aliye uwandani usiku anaweza kuuawa na Skeleton mmoja kwa shambulio moja, mapigo matatu ya 9 juu ya uhai 24, nafasi ya asilimia 21.6. Akiwa kijijini nafasi hiyohiyo ni asilimia 6.4. Kukimbia huko kuna bei nzuri.

28 Juni 2025: Kununua ukiwa gizani

Hapa ndipo naamini kiini cha ubishi kilipo, na sikukiona kwenye hesabu zozote za awali.

Tulicheza kwa hali mbili. Ya kwanza, kila mmoja anajua kambi ya mwenzake kabla ya kununua. Ya pili, kambi ni za nasibu, na kwa sababu ya ukungu hujui unapambana na nani hadi askari wenu waonane. Shemeji siku zote hucheza hali ya pili, na siku zote hununua Spearman kwa wingi. Dhahabu 100 zinatoa saba, kwa 98. Dhidi ya Drakes, ambao wengi wao silaha za kuchoma huwaumiza asilimia 20 zaidi, huo ni ununuzi wa busara. Dhidi ya Northerners si mbaya. Dhidi ya Skeleton umenunua mizigo saba. Kufikia zamu ya nne unapogundua, dhahabu imeisha, mapato ya vijiji yanakuletea askari mmoja mmoja, na huyo mmoja ana safari ya zamu kadhaa kufika mbele.

Anayejua kambi hununua hivi, na ndivyo nilivyofanya mimi nilipokuwa Loyalists: Heavy Infantryman mmoja, Mage mmoja, Cavalryman mmoja, Spearman watatu. Jumla 98 zilezile. Mage machweo humpiga Skeleton wastani wa 16.8 bila kujibiwa, kwa kuwa Skeleton hana silaha ya mbali na moto humuunguza. Mchana ni 21. Heavy Infantryman mchana humponda wastani wa 19.2 na kurudishiwa 6.3 tu. Spearman watatu hawaendi kwa mifupa kabisa. Kazi yao ni kushika vijiji na kuwawinda Adept.

Kambi zikijulikana, mimi na shemeji tunapokezana ushindi, na anayeshinda kwa kawaida ni yule aliyechagua vizuri saa ya kusonga. Kambi zikifichwa, aliyenunua aina moja tu ya askari anaadhibiwa, na Undead wana adhabu kali kuliko wengine kwa sababu kinga zao zimepindia upande mmoja sana. Hiyo naikubali kama kasoro ya kweli ya kambi hiyo: inamwadhibu mgeni. Mtu aliyejifunza mchezo juzi hununua Spearman, kwa kuwa ndiye rahisi na mzuri, na anapokutana na mifupa anahisi ametapeliwa.

Nilimwambia shemeji ajaribu ununuzi mchanganyiko hata kwenye giza: Mage mmoja, Cavalryman mmoja, waliobaki Spearman. Alinijibu Mage ni ghali, 20 nzima kwa mtu wa uhai 24. Mechi mbili baadaye alimnunua, bila kusema neno.

6 Julai 2025: Tuliporekebisha bei wenyewe

Shemeji alikuja na hoja nzuri: kama msimbo uko wazi, kwa nini tusipandishe bei ya Skeleton wenyewe tuone? Tukakubaliana 17 badala ya 15. Mafaili ya askari hao yako ndani ya folda ya data/core/units/undead, na bei ni mstari mmoja unaoanza na cost=.

Nilibadilisha kwenye kompyuta yangu. Mechi ikaanza vizuri, nikanunua Skeleton wa kwanza, na mchezo ukalalamika kwamba kompyuta hizi mbili hazilingani. Yangu ilikata dhahabu 17, ya shemeji ikahesabu 15, na kuanzia hapo kila upande ulikuwa na vita vyake. Wesnoth haitumi tabia za askari wa msingi kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni. Kila kompyuta inasoma mafaili yake. Tulinakili faili kwenye zote mbili na ikafanya kazi, ila hiyo ni njia chafu, maana ukisahau kurudisha utaharibu mechi zako na watu wengine. Njia safi ni kutengeneza era yako kama nyongeza, yenye kambi zako na askari wako, na wote muwe nayo. Inachukua muda zaidi kuandika, lakini unaizima na kuiwasha ukiwa kwenye skrini ya kuanzisha mechi.

Bei mpya ilifanya nini? Dhidi ya Loyalists ilipunguza presha, kama ilivyotarajiwa: dhahabu 100 sasa zinanunua Skeleton watano badala ya sita. Kisha tukajaribu Undead hao hao dhidi ya wengine. Dwarvish Fighter wa Knalgans ana nyundo, 8 mara mbili, silaha ya kuponda. Juu ya Skeleton kila pigo ni 10, na Dwarvish Fighter ni dhahabu 16. Tena hajali usiku wala mchana. Skeleton wa 17 mbele yake ni hasara tupu. Drake Burner humwagia Skeleton moto 7 mara nne kutoka mbali, mchana 9 mara nne, na Skeleton hana la kurudisha. Undead tuliokuwa tumewakata makali kwa ajili ya ugomvi wa Loyalists waligeuka chakula cha Drakes wakati wa jua.

Kambi sita zina jozi 15 ukiacha kambi kujipiga yenyewe. Ukigusa bei ya askari mmoja unagusa jozi tano kwa mpigo. Na ndani ya kambi hiyohiyo ya Knalgans kuna Thunderer, bunduki ya dhahabu 17 inayopiga 18 mara moja, ambaye kwa Skeleton risasi yake inabaki 7. Kwa hiyo hata ndani ya jozi moja, swali ni nani umemnunua. Tumerudisha 15.

20 Julai 2025: Kipande cha tatu

Ghoul nilimwacha mwisho nikidhani ni mwepesi. Sasa naona ndiye pekee ambaye shemeji anaweza kunishinda juu yake.

Bei 16, uhai 33, hupiga 4 mara tatu. Pigo dogo, na kwa skripti yangu alionekana wa kawaida kabisa. Tatizo ni sumu. Akipata hata mara moja, aliyepigwa anapoteza uhai 8 kila zamu hadi atibiwe. Nafasi ya Ghoul kupata angalau mara moja kwa mtu wa uwandani ni asilimia 93.6, kwa mtu wa kijijini ni 78.4. Sumu haiui, inakuacha na uhai wa 1, lakini hapo hata Walking Corpse wa dhahabu 8 anakumaliza.

Skripti ilihesabu uhai tu. Haikuhesabu njia. Askari mwenye sumu anatumia zamu kurudi kijijini. Zamu inayofuata kijiji kinaondoa sumu na hakimwongezei uhai. Ndipo anaanza kupona 8 kwa zamu, au anarudi vitani akiwa nusu. Kwa zamu zote hizo mstari wa mbele una pengo, na kijiji kimekaliwa na mgonjwa. Rebels wana Elvish Shaman na Drakes wana Saurian Augur, ambao wakisimama kando ya mgonjwa huzuia sumu isimle zamu hiyo. Loyalists wa ngazi ya kwanza hawana mganga hata mmoja. White Mage anapatikana Mage akipanda ngazi, na Mage kupanda ngazi mbele ya Undead ni kazi.

Nimeanza kuandika upya skripti ili ihesabu zamu zilizopotea badala ya uhai uliopotea. Bado inampa Ghoul sifa zisizo zake, kwa sababu inadhani kila mgonjwa anarudi kijijini, wakati mchezaji mzoefu huwaacha wengine wapigane na sumu yao ilimradi mchana haujaisha. Sheria za nyumbani kwa sasa ni mbili: muda wa kuanza ni wa nasibu, na kambi zinatajwa kabla ya kununua. Shemeji ametaka ya tatu, kwamba Undead wasinunue zaidi ya Ghoul mmoja kwenye ununuzi wa kwanza. Nimekubali kwa majaribio, kwa sharti kwamba yeye naye anunue walau Mage mmoja, na mechi za sharti hilo zinaanza Jumamosi kwenye Weldyn Channel, ramani ambayo hatujaigusa.